Afrika Kusini: Je, kibarua cha miezi michache kinatosha kuondoa umaskini?

Katika vitongoji vya Johannesburg kama Soweto, Alexandra, Diepsloot na Orange Farm, wafanyakazi wa mpango mkubwa wa serikali wa kupambana na ukosefu wa ajira ni rahisi kuwatambua. Huvaa ovaroli za rangi ya chungwa, na mikononi wana mafagio, majembe na makoleo. Wanazibua mitaro, wanafyeka nyasi kando ya barabara na kuokota takataka kwenye kingo za mito. Wengine, ambao hawavai ovaroli, huwahudumia wagonjwa majumbani au hulea watoto wadogo katika vituo vya mitaani.

Mpango wenyewe unaitwa Mpango Uliopanuliwa wa Kazi za Umma, maarufu kwa kifupi EPWP. Umedumu kwa zaidi ya miaka 20 na umepitia marais wanne: Thabo Mbeki, Kgalema Motlanthe, Jacob Zuma na Cyril Ramaphosa. Mbeki alipoutangaza mwaka 2003, zaidi ya robo ya nguvu kazi ya Afrika Kusini haikuwa na ajira. Katika robo ya pili ya mwaka 2025 idara ya takwimu ya nchi hiyo, Stats SA, ilitangaza kuwa kiwango cha wasio na ajira kilikuwa asilimia 33.2. Kwa vijana wa chini ya miaka 25, zaidi ya nusu ya wanaotafuta kazi hawaipati.

Swali linalojitokeza ni hili: mamilioni ya watu wamepitia mpango huu, kwa nini basi umaskini haujaondoka? Katika makala haya tunaangalia ulivyoanza, unavyohesabu mafanikio yake, na mahali ambapo kazi za umma zimebadilisha kweli maisha ya watu.

Ulivyoanza

Itakumbukwa kuwa Rais Mbeki aliugusia mpango huu katika hotuba yake bungeni mwezi Februari mwaka 2003. Mwezi Juni mwaka huo huo serikali, waajiri, vyama vya wafanyakazi na asasi za kijamii walikutana katika mkutano wa kitaifa wa ukuaji na maendeleo wakakubaliana nao. Mwezi Mei mwaka 2004, nchi ikiwa inaadhimisha miaka 10 ya demokrasia, Mbeki aliuzindua rasmi mjini Giyani katika jimbo la Limpopo. Lengo lilikuwa kutoa nafasi za kazi milioni 1 katika miaka mitano.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kueleweka. Serikali tayari ilikuwa ikitumia mabilioni ya randi kila mwaka kujenga barabara, mitaro na mabomba. Kwa nini fedha hizo ziende kwenye mafuta ya tingatinga na kukodi mitambo, ilhali nje ya geti la mkandarasi wamesimama watu wenye nguvu na wasio na kazi? Kwa hiyo uliandaliwa mwongozo kwamba kazi za aina fulani zifanywe kwa mikono: barabara ndogo zenye magari machache, njia za waenda kwa miguu, mitaro ya maji ya mvua, na mashimo ya mabomba yasiyozidi kina cha mita moja na nusu.

Hilo halikuwa jambo geni mjini Johannesburg. Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Profesa Robert McCutcheon alikuwa ameutetea ujenzi wa namna hiyo kwa miaka mingi, baada ya kuuchunguza katika nchi nyingine za Afrika, ikiwemo Kenya. Onyo lake lilikuwa kwamba kumpa mtu koleo hakutoshi. Barabara nzuri ya kazi ya mikono inahitaji wahandisi na wasimamizi waliofunzwa kwa muda mrefu. Bila hao, watu wanalipwa lakini barabara haidumu.

Aidha, serikali ya jimbo la Gauteng, ambalo Johannesburg ndiyo mji wake mkuu, ilikuwa imetangulia. Mwaka 2002 ilianzisha mpango wake ulioitwa Zivuseni, neno la Kizulu lenye maana ya kujiamsha au kujiinua wenyewe, ambapo wasio na kazi walikarabati shule na zahanati kwa mikataba ya muda mfupi. Katika ngazi ya taifa, tangu mwaka 1995 ulikuwepo mpango wa kukata miti vamizi ya kigeni inayonyonya maji ya mito, ulioanzishwa na Kader Asmal alipokuwa waziri wa maji. Yote hayo yaliingizwa chini ya mwavuli mmoja.

Matunda yake yanaonekana. Soweto, iliyojengwa wakati wa ubaguzi wa rangi bila miti wala lami katika mitaa mingi, ilianza kubadilika katika miaka ya 2000. Mwaka 2006 halmashauri ya jiji ilianza kampeni ya kupanda miti 200,000 huko, na kazi ya namna hiyo, ya kuchimba mashimo, kupanda na kumwagilia, ni kazi ya mikono. Hakuna anayeweza kusema kwamba miaka hii yote imepotea bure.

Nafasi ya kazi si ajira

Hata hivyo, tatizo limo ndani ya hesabu. Serikali haihesabu ajira bali huhesabu kile inachokiita nafasi ya kazi. Kwa tafsiri ya mpango wenyewe, nafasi ya kazi ni kazi yenye malipo aliyopewa mtu mmoja katika mradi, kwa muda wowote ule. Aliyefanya kazi mwaka mzima anahesabiwa nafasi moja, na aliyezibua mtaro kwa wiki tatu naye anahesabiwa nafasi moja. Mtu yule yule akiitwa tena katika mradi mwingine, anahesabiwa upya.

Kwa hesabu hiyo awamu ya kwanza ilifana sana. Lengo la milioni 1 lilifikiwa mwaka mmoja kabla ya wakati, na hadi mwezi Machi mwaka 2009 nafasi zilikuwa takriban milioni 1.6. Awamu ya pili, iliyoishia mwaka 2014, ililenga milioni 4.5 na ikapata zaidi ya milioni 4. Awamu ya tatu ililenga milioni 6 lakini haikufika. Ya nne, ya kuanzia mwaka 2019, ikalenga milioni 5.

Wataalamu wa serikali wenyewe waliona kasoro hiyo. Kuanzia awamu ya pili wakaweka kipimo kingine: siku 230 za kazi zihesabiwe kuwa ajira moja ya mwaka. Hapo sura inabadilika. Nafasi milioni 4.5 zilizolengwa katika awamu hiyo zilikuwa sawa na ajira za mwaka mzima milioni 2 tu. Ukigawanya, ni kama siku 100 kwa kila mtu, na hilo ni lengo lililowekwa kwenye karatasi. Pale mradi ulipodumu miezi miwili au mitatu tu, siku zilikuwa chache zaidi.

Tuchukue mfano wa mama wa Orange Farm anayelea watoto wake na wajukuu. Akipewa mkataba wa miezi mitatu atanunua unga, atalipa deni la dukani, pengine atanunua sare za shule. Mwezi wa nne anarudi pale pale. Katika takwimu za taifa yeye amekwisha kuhesabiwa, na ofisa aliyempa kazi ametimiza lengo lake. Tena ofisa huyo ana sababu ya kuwaita watu wanne kwa miezi mitatu mitatu badala ya kumwajiri mmoja kwa mwaka, kwa kuwa fedha ni zile zile lakini nafasi zinakuwa nne badala ya moja.

Kuna pia suala la malipo, ambayo watu wengi huyaita posho na siyo mshahara. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipoanza kutumika Januari mosi mwaka 2019, mfanyakazi wa kawaida aliwekewa randi 20 kwa saa, na wa kazi za umma randi 11. Mwezi Machi mwaka 2025 viwango vilikuwa randi 28.79 na randi 15.83. Kwa siku ya saa nane, hiyo ni randi 230 kwa mmoja na randi 126 na senti kadhaa kwa mwingine. Miaka imepita na viwango vimepanda, lakini wa ovaroli ya rangi ya chungwa amebaki pale pale, kwenye asilimia 55 ya kima cha chini cha wenzake.

Serikali hujitetea kwamba malipo yakiwa makubwa, watu wataacha kazi nyingine na kukimbilia hizi, na kwamba fedha zilizopo zitawafikia wachache. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini vyama vya wafanyakazi, kikiwemo kile cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, SAMWU, vimejibu kwa hoja ambayo ni vigumu kuikwepa. Barabara za Johannesburg zinahitaji kufagiliwa kila siku ya mwaka, na mitaro inahitaji kuzibuliwa kabla ya kila msimu wa mvua. Ikiwa kazi ni ya kudumu, kwa nini anayeifanya awe wa muda?

Funzo lililotoka Kenya

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki huenda wasijue kwamba moja ya majibu bora ya swali hilo lilitoka kwao. Mwaka 1974 Kenya, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili, ilianza kujenga barabara za vijijini kwa kazi ya mikono. Baada ya barabara kukamilika ulibuniwa utaratibu wa kuzitunza: mkazi wa karibu alikabidhiwa kipande cha barabara jirani na nyumbani kwake, akawa anafyeka, anaziba mashimo na kuzibua mitaro, na akalipwa kila mwezi.

Mwaka 2000 jimbo la KwaZulu-Natal liliuchukua utaratibu huo, likauita Zibambele. Mkataba haukufungwa na mtu mmoja bali na kaya maskini, nyingi zikiongozwa na wanawake. Kazi ilikuwa takriban saa 60 kwa mwezi, na mkataba ulihuishwa kila mwaka. Mama akiugua au akifariki, na huo ulikuwa wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua wengi katika jimbo hilo, mtu mwingine wa nyumba ile aliendelea na kazi. Mwaka 2003 malipo yalikuwa randi 334 tu kwa mwezi.

Mtafiti Anna McCord wa Chuo Kikuu cha Cape Town alizilinganisha kaya hizo na watu waliofanya kazi katika mradi wa barabara wa Gundo Lashu huko Limpopo, ambao ulitoa kazi kwa miezi michache. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kipato kidogo kinachokuja kila mwezi humsaidia maskini zaidi kuliko kazi ya muda mfupi inayokwisha. Ukijua kwamba mwezi ujao utalipwa, unaweza kumwacha mtoto shuleni, unaweza kukopesheka dukani, unaweza kuweka akiba kidogo. Kibarua cha miezi mitatu hakikupi hata moja kati ya hayo.

Kwa maneno mengine, maskini anahitaji zaidi siku zinazojirudia kuliko fungu la siku kwa mkupuo mmoja. Huo ndio msingi wa mpango mwingine ulioanza kwa majaribio mwaka 2007, unaoitwa Mpango wa Kazi za Jamii, CWP. Huu humpa mshiriki siku mbili za kazi kila wiki, takriban siku 100 kwa mwaka, na jamii yenyewe ndiyo inayoamua ni kazi gani ifanywe: bustani za mboga, kuwahudumia wazee, kusaidia shuleni, kujenga vibanda vya wasio na makazi.

Johannesburg ya mwaka 2008 na somo la Bokfontein

Umuhimu wa jambo hili hauishii kwenye sufuria ya ugali. Tarehe 11 Mei mwaka 2008 ghasia dhidi ya wageni zililipuka Alexandra, zikaenea katika vitongoji vingine vya Johannesburg na nchini kote. Watu 62 waliuawa na maelfu wakakimbia makazi yao. Wimbo uliosikika sana ulikuwa kwamba wageni wanachukua kazi. Wengi wa waliofukuzwa walitoka Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, lakini hofu ile iliwafikia pia Wakongo, Wasomali na Watanzania wanaoishi katika jiji hilo.

Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Ghasia na Maridhiano pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walichapisha mwaka 2011 ripoti kuhusu maeneo kadhaa yaliyokumbwa na machafuko. Kati ya maeneo hayo, Bokfontein lilikuwa tofauti. Ni makazi ya watu maskini katika jimbo la Kaskazini Magharibi, karibu na bwawa la Hartbeespoort, ambayo wakazi wake walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwingine na kutupwa pale. Palikuwa na ugomvi baina yao na palikuwa na wageni. Lakini mpango wa kazi za jamii ulipoingia, watu walikaa wakazungumzia vidonda vyao, wakapanga kazi na kuifanya pamoja, wageni wakiwemo, na wito wa kuwafukuza wageni haukupata mashiko.

Hatusemi kwamba koleo na jembe huondoa chuki. Tunasema kwamba mtu mwenye kazi ya uhakika, hata kama ni siku mbili kwa wiki, ana kitu cha kupoteza, na anayefanya kazi bega kwa bega na jirani yake ni vigumu kumfuata usiku na rungu.

Nani anaingia kwenye orodha?

Penye watu wengi na nafasi chache hapakosi mlinda mlango. Malalamiko yaliyosikika kwa miaka mingi, Johannesburg na kwingineko, ni kwamba orodha ya watakaopewa kazi hupitia kwa diwani wa kata na makada wa chama, na kwamba asiye na mjomba ofisini hupitwa. Baadhi ya miji ilijaribu kuondoa hila hiyo kwa kuandikisha wanaotafuta kazi na kisha kuchagua majina kwa kura ya bahati nasibu. Waziri wa Kazi za Umma, Dean Macpherson, aliyeteuliwa katikati ya mwaka 2024, aliahidi kuufumua mpango huo, akisema umetumiwa vibaya na wanasiasa na kwamba unapaswa kuwapa watu ujuzi wa kuwapeleka kwenye ajira ya kweli.

Ahadi ya ujuzi nayo si mpya. Utaratibu uliowekwa mwaka 2002 ulitaka mfanyakazi apate siku 2 za mafunzo kwa kila siku 22 za kazi. Lakini kumfundisha mtu kufagia kwa siku mbili hakumpi cheti kitakachomfungulia geti la kiwanda, na viwanda vyenyewe vimekuwa vikipunguza watu.

Iliwahi kuwezekana

Wapo wanaosema serikali haiwezi kuajiri kila mtu. Ni kweli. Lakini historia ya Afrika Kusini yenyewe inaonyesha kwamba serikali ikiamua huweza mengi. Mwaka 1932 tume iliyofadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani ilikadiria kuwa wazungu wapatao 300,000 nchini humo walikuwa fukara. Serikali ilikuwa tayari imeanza kuchukua hatua. Bwawa la Hartbeespoort, lililokamilika mwaka 1923, lilikuwa moja ya kazi zilizowapa riziki wazungu maskini. Baada ya mwaka 1924 serikali ya Waziri Mkuu Hertzog iliwajaza katika shirika la reli, na katika miaka ya 1930 ikawachimbisha mifereji ya umwagiliaji ya Vaalharts, kisha ikagawa mashamba pale pale.

Tusisahau kwamba yalifanyika kwa dhuluma: katika reli, Waafrika waliondolewa ili wazungu waingie. Lakini namna ilivyofanyika inafaa kutazamwa. Wazungu wale maskini hawakuishia kwenye kibarua cha miezi mitatu. Walitolewa kwenye kazi za dharura wakaingizwa kwenye ajira yenye mshahara, nyumba na pensheni, au kwenye ardhi. Daraja lilijengwa likafika ng'ambo ya pili.

Mto Jukskei unaopita Alexandra, ambamo wafanyakazi wa kazi za umma huokota plastiki na takataka, humwaga maji yake katika mto Crocodile, na mto huo huingia katika bwawa lile lile la Hartbeespoort. Wajukuu wa waliokatazwa kazi zile sasa wanalisafisha bwawa hilo kutokea juu, kwa posho.

Inawezekana hata leo. Wahudumu wa afya wa jamii wa Gauteng, waliozunguka nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi wakilipwa posho, walidai haki yao kwa maandamano na katika vyombo vya sheria. Mwezi Julai mwaka 2020, janga la Korona likiwa limepamba moto, serikali ya jimbo ilikubali kuwaajiri moja kwa moja zaidi ya 8,000. Kazi yao haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba serikali ilikiri kuwa ilikuwa ikiwahitaji kila siku.

Somo kwa Afrika Mashariki

Nchi zetu nazo zimepita njia hii. Kenya ilikuwa na Kazi kwa Vijana mwaka 2009, mpango ambao miaka miwili baadaye uligubikwa na tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, kisha ikaja Kazi Mtaani mwaka 2020, ambapo vijana wa mitaa ya mabanda walilipwa kusafisha mitaa yao. Tanzania ina TASAF tangu mwaka 2000, ambayo kazi zake za umma hutoa ajira ya muda kwa kaya maskini. Kila mara kiongozi anaposimama jukwaani kutaja idadi ya walionufaika, tunapaswa kumwuliza maswali matatu: kila mmoja alifanya kazi siku ngapi, alilipwa kiasi gani, na yuko wapi leo?

Serikali ya Afrika Kusini imefanya jambo ambalo nyingi hazijalifanya: imekubali kwamba mtu asiye na kazi ni jukumu lake, na imeendelea kutenga fedha kwa miongo miwili. Ikibadilisha hesabu yake, ikaacha kujisifia nafasi na ikaanza kuhesabu siku na miaka, fedha hizo hizo zinaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai ikiwa kila baada ya miezi mitatu mtu anaambiwa arudishe koleo stoo na kwenda nyumbani kungoja zamu nyingine.